Pikipiki ya Spoti Iliyotumika: Namna ya Kuupima Mwendo Wake Kabla ya Kutoa Pesa

Muuzaji wa pikipiki ya spoti akimpokea mteja, kwanza huwasha injini. Huvuta mafuta mara mbili tatu, ekzosi ikanguruma, watoto wa jirani wakaja kutazama, na mteja moyo umeshamtoka. Baada ya hapo mazungumzo huwa ya rangi, kilomita na bei. Ni mara chache mtu kuinua gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani kwa kidole, au kusoma tarehe iliyochapwa ubavuni mwa tairi, au kukaa kitini huku mwenzake akipima pikipiki imezama kiasi gani.

Mimi nakusihi uanzie huko. Injini za Kijapani za miaka ya 2000 na kuendelea ni ngumu, na zikibadilishiwa oili kwa wakati hudumu. Kinachochakaa kimyakimya, na ambacho rangi mpya hukificha bila taabu, ni vile vitu vinavyoamua pikipiki igeuke vipi, isimame vipi na itulie vipi ndani ya kona. Yamaha R6 ya mwaka 2006 ina milimita 1,380 tu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na shingo yake imelala nyuzi 24. Hesabu hizo ndizo zinazoiwezesha kuingia kona kwa wepesi, na ndizo zinazoifanya ilalamike mapema mtu akivuruga mpangilio wake. Ukipandisha au kushusha upande mmoja kwa milimita 5, mwendeshaji aliyeizoea atalihisi jambo hilo mikononi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo unapoikagua, kila kasoro utakayoikuta itie katika fungu moja kati ya matatu. Kuna kasoro za spana: mpangilio tu ulioharibika, unaorekebishwa kwa nusu saa bila kununua kitu. Kuna kasoro za pesa: tairi, beringi, sili, vitu vyenye bei inayojulikana ambayo utaikata katika bei ya pikipiki. Na kuna kasoro za kuondoka. Wanunuzi wengi huyachanganya mafungu haya. Wanaikimbia pikipiki nzima kabisa kwa sababu inayumba, kumbe tairi limekuwa bapa. Halafu wanaikumbatia iliyopinda fremu kwa sababu kwenye lami laini imekwenda vizuri.

Kutana gereji

Usikubali kuonyeshwa pikipiki kwenye maegesho ya supamaketi. Mwambie muuzaji, "Kaka, tukutane gereji yenye stendi za mbele na nyuma, gharama ya fundi juu yangu." Mwenye pikipiki nzuri atakubali, au angalau atapendekeza gereji nyingine. Mwombe pia asiiwashe kabla hujafika, na asiioshe. Pikipiki iliyotoka kuoshwa imefutwa oili iliyokuwa ikivuja kwenye shokapu, na hiyo ndiyo habari uliyoifuata.

Nenda na mwenzako, wawili ikiwezekana. Beba futi ya kupimia, kipima upepo, tochi, kitambaa cheupe, vibano viwili vya plastiki vya kufungia nyaya, na kamba mbili nyembamba za mita tatu hivi kila moja. Vaa helmeti, glavu, jaketi na buti zako mwenyewe, maana uzito wa mavazi hayo ni sehemu ya kipimo.

Karatasi zitazame mapema ili usipoteze siku. Namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu ilingane na iliyo kwenye kadi ya TRA kwa Tanzania, au kwenye kumbukumbu za NTSA kwa Kenya. Eneo la namba likiwa limesuguliwa au kupakwa rangi nene, kazi imeishia hapo.

Tairi husema mengi

Tairi ndicho kitu cha kwanza kinachoamua mwendo, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuatilie mpaka kwenye tarakimu nne za mwisho. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka mitano au sita, hata likiwa na kashata ndefu, mpira wake umeanza kukauka. Usilitegemee kwenye kona yenye unyevu. Kwetu wanunuzi wengi huwekewa tairi za mtumba zilizoingia na kontena, zinang'aa kwa dawa ya kupaka lakini tarehe inazisuta.

Kisha chutama mbele ya pikipiki, halafu nyuma yake, uangalie umbo. Tairi zima ni duara kama upande wa yai. Lililotumika barabara kuu zilizonyooka huwa bapa katikati, na bega linaonekana pale ubapa unapoishia. Pikipiki yenye tairi hilo hukataa kuinama mwanzoni, halafu ghafla huanguka ndani ya kona inapovuka bega. Mnunuzi asiyejua atasema fremu ina tatizo. Hiyo ni kasoro ya pesa tu, na ni fursa nzuri ya kupunguziwa bei, kwa kuwa mwenye mali mwenyewe ameshaichoka kwa sababu asiyoijua.

Soma na saizi. Pikipiki nyingi za cc 600 huvaa 120/70ZR17 mbele na 180/55ZR17 nyuma, kwenye rimu ya nyuma ya inchi 5.5. Vijana hupenda kuona tairi pana, wakavalisha 190/50 kwenye rimu hiyo hiyo. Tairi linabanwa, umbo lake linaharibika, na pikipiki inakuwa nzito kugeuka. Kuna na aina zilizotoka kiwandani na saizi zisizo za kawaida: Kawasaki ZX-6R 636 ya 2003 ilivaa 120/65 mbele, na R6 za mwanzo kabisa, za 1999, zilivaa 120/60. Ukikuta 120/70 humo, pikipiki imenyanyuka mbele, na usukani wake si ule alioukusudia mtengenezaji.

Maliza kwa upepo. Pikipiki nyingi za kundi hili huhitaji PSI 36 mbele na 42 nyuma, tairi zikiwa baridi. Stika kwenye swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, itakuambia namba kamili. Pima, kisha jaza mpaka kiwango hicho kabla ya kuijaribu barabarani. Tairi la mbele lenye PSI 25 huufanya usukani kuwa mzito kiasi cha kukudanganya kuhusu kila kitu kingine.

Shingo, swingamu na beringi

Sasa mbele ipandishwe kwenye stendi, gurudumu liwe hewani. Ikiwa pikipiki ina dampa ya usukani, ifungue mpaka mwisho wa ulaini. Baadhi ya pikipiki hutoka nayo kiwandani, kama Honda CBR1000RR ya 2004 iliyokuja na dampa ya kielektroniki, lakini nyingine huongezewa na mwenyewe ili kuficha usukani unaotikisika. Muulize aliiweka kwa nini, na usikilize jibu.

Weka usukani katikati, uusukume kwa kidole kimoja. Unatakiwa uteleze mpaka mwisho wake kushoto, halafu vivyo hivyo kulia, bila kunasa. Ukihisi unataka kubaki katikati, kana kwamba kuna kishimo pale, konseti, yaani beringi za shingo, imekwisha. Kishimo hicho hutokana na mipira ya beringi kupiga mahali pamoja kwa muda mrefu, na huzidishwa na ule mtindo wa kuinua gurudumu la mbele na kulitua kwa kishindo. Pikipiki ya namna hiyo hairuki wala haianguki, ila katika mwendo haikai mstari. Utajikuta unaisahihisha kila sekunde bila kujua. Dawa yake ni konseti mpya, kasoro ya pesa.

Mwambie mwenzako aitulize pikipiki, wewe ukamate miguu ya shokapu kwa chini, karibu na ekseli, uvute kwako na kusukuma. Ikigonga "ko" ndani ya shingo, nati ya konseti imelegea. Huenda ni ya kukaza tu. Lakini iliyoendeshwa muda mrefu ikiwa imelegea, kwa kawaida imeshaharibika.

Ukiwa bado umechutama hapo, mulika tochi chini ya shingo. Utaona vituo viwili vya chuma vinavyouzuia usukani usipite kiasi, kimoja kila upande. Viangalie kwa makini kuliko unavyoangalia tangi. Kituo kilichokatika, kilichobonyea, au chenye welding na rangi mpya, maana yake usukani uliwahi kupigwa kwa nguvu ambayo haikuishia pale. Mimi sinunui pikipiki ya namna hiyo kwa bei yoyote. Pinda usukani mpaka mwisho kila upande, utie vidole kati ya hendo na tangi: nafasi iwe sawa pande zote. Vidole vitatu kushoto na kimoja kulia ni dalili nyingine ya ajali.

Nyuma nako ni hivyo hivyo, gurudumu likiwa linaning'inia. Lishike juu na chini, lisukume kushoto na kulia. Mchezo ukiuhisi kwenye gurudumu lenyewe, ni beringi za gurudumu. Ukiuona kwenye kiungo cha swingamu na fremu, ni beringi za swingamu, na hizo zina kazi zaidi kuzibadilisha. Halafu liinue gurudumu polepole kwa mkono. Kama kuna hatua ndogo ya bure, kigongo kidogo kabla springi haijaanza kubeba, viungo vya chini ya shokapu vimekauka na kulika. Viungo hivyo hukaa mahali panaporushiwa matope na mchanga, na ni pikipiki chache ambazo wenyewe wamewahi kuzitia grisi hapo.

Shokapu: usitazame, bonyeza

Futa nguzo za shokapu za mbele kwa kitambaa cheupe. Oili ikibaki kwenye kitambaa, sili imekwisha. Sili pekee si jambo kubwa, ila pitisha ukucha juu ya nguzo kutafuta vishimo. Pikipiki zilizokaa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar huliwa na chumvi ya hewa, na nguzo yenye vishimo vya kutu itachana sili mpya kila baada ya muda mfupi. Hapo bei ya sili inageuka kuwa bei ya nguzo.

Ishushe pikipiki chini, shika breki ya mbele, ibonyeze kwa uzito wa mwili. Inatakiwa iende chini bila kukwaruza, irudi mara moja na kutulia. Ikirudi kwa kuruka ikacheza juu na chini, oili ya ndani imekwisha nguvu au skrubu ya kuzuia kurejea imefunguliwa mno. Ikinasa, inakwenda kwa hatua hatua, usikimbilie kusema nguzo zimepinda. Mara nyingi gurudumu lilitolewa kubadilishwa tairi, fundi akakaza bolti za kubana ekseli bila kwanza kuzipa shokapu nafasi ya kujipanga. Legeza bolti hizo upande mmoja, bonyeza mbele mara kadhaa kwa nguvu, kaza tena. Ikiwa laini baada ya hapo, umeondoa kwa spana moja kasoro iliyokuwa ikiishusha bei.

Nyuma, bonyeza kiti kwa mikono miwili uachie. Kurudi kwake kuchukue kama sekunde moja. Kisha, kwa ruhusa ya mwenyewe, tafuta skrubu ya kurejea kwenye shokapu ya nyuma. Nyingi zina herufi H ya ugumu na S ya ulaini. Hesabu mibofyo mpaka mwisho wa H, uandike, ili uirudishe ilipokuwa. Ikiwa kwenye H, bonyeza kiti: kirudi polepole sana. Ipeleke S, bonyeza tena: kirudi haraka. Kama hakuna tofauti yoyote, shokapu imekufa ndani, haijalishi ina springi nzuri kiasi gani. Kama skrubu haizunguki, imeshikwa na kutu, na huo ni ushahidi kwamba miaka yote hakuna aliyejishughulisha na mpangilio wa pikipiki hiyo. Jaribio hili linachukua dakika tatu na linakuambia mengi kuliko maelezo ya muuzaji ya nusu saa.

Baada ya hapo pima kuzama. Gurudumu la nyuma likiwa linaning'inia, pima kutoka ekseli kwenda juu mpaka alama moja ya mkiani. Hiyo ni namba ya kwanza. Ishushe isimame kwa uzito wake, pima tena. Kisha kaa juu yake na mavazi yako yote, miguu juu ya vikanyagio, mmoja aishike isianguke na mwingine apime mara ya tatu. Tofauti ya namba ya kwanza na ya tatu ndiyo kuzama kwako. Kwa spoti ya barabarani, milimita 30 hadi 35 nyuma na 35 hadi 40 mbele ni mahali pazuri pa kuanzia, na ikisimama peke yake izame kidogo tu, milimita 5 hadi 15 nyuma.

Namba hizi zinakuambia kama springi inakufaa wewe. Pikipiki nyingi za Kijapani za aina hii hutoka kiwandani zikimfaa mtu wa kilo 70 hivi. Mtu wa kilo 100 akikaa juu yake huzama milimita 50 na zaidi. Nyuma inakuwa chini, mbele inakuwa nyepesi, na pikipiki inatoka nje ya kona kwa ukaidi. Akikaza springi mpaka mwisho ili apate 35, ataona kwamba ikisimama peke yake haizami hata kidogo. Hiyo ni dalili kwamba anahitaji springi ngumu zaidi. Pikipiki haina kosa, ila gharama hiyo ni ya kuingizwa kwenye hesabu kabla ya kupatana.

Angalia pia nguzo za mbele zimechomoza kiasi gani juu ya kishikio cha juu. Pima zote mbili, zilingane. Kuchomoza milimita chache ni chaguo la mwenye kupenda usukani mwepesi. Kuchomoza milimita 25 au 30, na nyuma kumewekwa viungo virefu, maana yake imeshushwa kwa ajili ya mtu mfupi. Kwa barabara zetu zenye matuta kila kijiji, pikipiki iliyoshushwa hugonga ekzosi na plastiki za chini, na kwenye kona vikanyagio hukwaruza lami mapema. Inarekebishika kwa spana ikiwa mwenyewe alivitunza viungo vya asili. Muulize viko wapi, avitoe uvione.

Kamba mbili

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Pikipiki iwe kwenye stendi ya nyuma, imesimama wima. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, kwa urefu wa kama sentimita kumi kutoka chini au popote zitakapopita bila kuguswa na stendi wala ekzosi, uzilete mbele pande zote mbili mpaka zivuke gurudumu la mbele. Wewe na mwenzako mzikaze, mkizisogeza ndani taratibu mpaka kila kamba iguse tairi la nyuma sehemu mbili, ukingo wake wa nyuma na wa mbele. Hapo kamba zitakuwa sambamba.

Nyoosha gurudumu la mbele. Tairi la nyuma la 180 na la mbele la 120 hutofautiana milimita 60, kwa hiyo kila upande wa gurudumu la mbele ubaki na nafasi ya milimita 30 hivi. Namba yenyewe hubadilika kidogo kwa kila kampuni ya tairi. La msingi ni kwamba kushoto kulingane na kulia.

Zisipolingana, usiseme neno bado. Kwanza rekebisha ekseli ya nyuma, kwa sababu alama zilizochongwa kwenye swingamu si za kuaminika sana na mafundi wengi hukaza cheni kwa macho. Sogeza mpaka kamba zilingane mbele. Kisha nenda nyuma, uchutame, utazame cheni inavyoingia kwenye sproketi ya nyuma. Ikienda imenyooka, kasoro ilikuwa ya spana. Lakini ikiwa magurudumu yamenyooka na cheni imepinda, au cheni imenyooka na magurudumu hayafuatani, kuna kitu kilichopinda kati ya hapo, na huenda ni swingamu au fremu yenyewe.

Kuna hali ya katikati ya kuijua. Pikipiki ikianguka kidogo, shokapu za mbele hujipinda ndani ya vishikio vyake: unaendesha mbele lakini hendo zinatazama upande. Hiyo hutengenezwa kwa kulegeza vishikio na ekseli, kunyoosha na kukaza tena. Simama ubavuni, fumba jicho moja, utazame nguzo moja ikifichwa na nyenzake. Zikiwa sambamba baada ya kunyooshwa, umepona. Zikibaki zimeachana, nguzo imepinda.

Barabarani

Muuzaji anaogopa kukupa pikipiki, na ana haki. Mwachie mwenzako pamoja na pesa au kitambulisho, mkubaliane kwa maandishi nani atalipa ikianguka. Akikataa kabisa hata kwa masharti hayo, bei iwe ya pikipiki isiyojaribiwa.

Kabla ya kuondoka funga kibano cha plastiki kwenye nguzo ya shokapu ya mbele, ukisogeze mpaka kwenye sili. Kitakuonyesha baadaye shokapu ilisafiri mpaka wapi.

Anza polepole, mahali papana pasipo magari. Zunguka duara kushoto, kisha kulia, kwa mwendo wa kutembea. Juhudi iwe sawa pande zote mbili. Ikiingia kirahisi kushoto na kukataa kulia, rudi kwenye kamba na nguzo.

Tafuta barabara iliyonyooka, nenda kilomita 60 kwa saa, achia mafuta, ulegeze vidole bila kuziachia hendo. Usukani ukianza kutikisika kati ya 60 na 40, mshukiwa wa kwanza ni tairi la mbele, wa pili ni konseti iliyolegea. Pikipiki ikivuta upande mmoja, kumbuka barabara zenyewe huteremkia ukingoni ili maji yatoke. Kenya, Tanzania na Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo pikipiki nzima nayo huelekea kushoto kidogo. Rwanda, Burundi na Kongo mteremko huo uko kulia. Ijaribu mahali palipo sawa kabla ya kuilaumu.

Mwendo ukiongezeka, kuyumba kunakoanzia nyuma, mkia ukienda huku na huku polepole, hutoka kwenye beringi za swingamu, tairi la nyuma lililokwisha au shokapu iliyokufa. Usiendelee kuongeza mwendo ili kuthibitisha. Umeshapata jibu.

Ndani ya kona ya wastani, pikipiki iliyopangwa vizuri hufuata macho yako na kubaki pale ulipoiweka. Ikiendelea kutoka nje, nyuma iko chini mno au mbele iko juu mno. Ikidondoka ndani hata unailazimisha isiiname zaidi, mbele iko chini mno au tairi lina bega. Ikisimama ghafla unapogusa breki, ni umbo la tairi la mbele mara nyingi kuliko kitu kingine. Yote hayo ni mambo ya spana na ya pesa.

Breki zijaribu mwisho, kwa nguvu, ukiwa umenyooka na hakuna gari nyuma. Mpapatiko kwenye kidole ni diski iliyopinda. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe, upime. Mbonyeo laini kama sponji ni hewa au oili ya breki iliyozeeka. Ukirudi, tazama kile kibano. Kikiwa kimesukumwa mpaka mwisho kabisa wa safari, shokapu inagonga chini, na siku utakayobana breki ya dharura kwenye lami mbovu, tairi la mbele halitakuwa na cha kulisaidia.

Kupatana

Kaa na mwenye mali, mfungulie daftari lako. Vitu vya spana usivitumie kumnyanyasa. Ni faida yako wewe uliyevijua. Vitu vya pesa vitaje kimoja kimoja na bei yake dukani: jozi ya tairi, konseti, sili, kuhudumiwa kwa shokapu. Muuzaji aliyeona kwa macho yake skrubu isiyobadilisha kitu hana ubishi mwingi.

Ukishainunua, kabla ya safari ya kwanza rudisha mipangilio yote kwenye viwango vya kiwandani vilivyo kwenye kitabu cha pikipiki, weka kuzama kwa uzito wako, legeza cheni ifikie nafasi iliyoandikwa kwenye stika, kwani cheni iliyokazwa mno huizuia shokapu ya nyuma kufanya kazi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike, uendeshe, ndipo uguse kingine.

Lakini pikipiki yenye kituo cha usukani kilichovunjika, au ambayo kamba na cheni zimekataa kupatana, usiijadili bei. Hata akishusha nusu, usikubali. Mrudishie funguo, mshukuru kwa muda wake, utafute nyingine. Nairobi na Dar es Salaam hazikosi.